Shati la kupandia mlima: lifikirie pale utakaposimama

Shati la pamba halina kosa wakati bado unapanda. Jasho linatoka, kitambaa kinalinywa, mwili una moto, safari inaendelea. Kosa huonekana mnapoketi kula rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) mliyofungiwa mjini Mbale, Uganda, asubuhi. Upepo wa Mlima Elgon unaupiga mgongo uliolowa, na kabla chapati haijaisha meno yameanza kugongana. Kwa hiyo usiulize shati litakuwaje ukitembea. Uliza litakuwaje dakika 10 baada ya kusimama.

Pamba huyaingiza maji ndani ya nyuzi zake na kuyashikilia. Poliesta karibu hainywi kitu: jasho hutambaa juu ya nyuzi, hutandazika na kukauka upesi. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000. Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, kina mita 4,321, zaidi ya mita 3,000 juu ya mji wa Mbale, kwa hiyo utapoteza digrii 18 au zaidi kabla hata ya kuhesabu upepo. Huko juu fulana iliyolowa si usumbufu tu, ni hatari. Kwa matembezi ya nusu siku kwenye maporomoko ya Sipi pamba itakuvumilia. Kwa milima mirefu ya Muhabura au Rwenzori iache nyumbani, ikiwamo ile jinzi.

Poliesta nyepesi, yenye uzito wa gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba, inafaa sehemu nyingi. Ubaya wake ni harufu: siku ya pili tu wenzako watajua uko upande gani wa upepo. Sufu laini ya kondoo wa merino hukauka polepole kuliko poliesta, lakini hunywa unyevu mwingi kabla hujahisi kuwa umelowa, huendelea kutunza joto na hainuki haraka. Kwa safari ya wiki nzima Rwenzori, ambako mvua na matope havingoji msimu, sufu inastahili bei yake. Madukani ni adimu. Itafute kwenye marundo ya sweta nyembamba za mitumba, ambako muuzaji mara nyingi hajui alichonacho.

Kwenye soko la mitumba la Owino, Kampala, utaambiwa, "Ssebo (bwana), hii orijino kabisa." Usibishane naye, soma lebo ya ndani ubavuni. Ikiwa imekatwa, nunua moja kwanza, kisha ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti juu ya sahani (si sokoni, soko lile limeshaungua zaidi ya mara moja). Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kijipira kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele. Uzi huo utoke kwenye kitambaa chenyewe, usiwe wa mshono, kwa sababu hata mashati ya pamba tupu mara nyingi hushonwa kwa uzi wa poliesta, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Ukishajua ni poliesta, dondoshea tone la maji upande wa ndani. Tone likitandaa mara moja, kitambaa kinavuta jasho. Likibaki limesimama kama umande juu ya jani la mgimbi, shati limepakwa kitu au limejaa dawa ya kulainisha nguo. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida mara mbili, ujaribu tena. Lisipobadilika, jasho litakuwa linakutiririka tu mgongoni.

Nenda kulijaribu ukiwa na begi lako mgongoni, lenye kilo 5 hivi ndani. Watu huona haya kufanya hivyo sokoni, halafu mlimani mabega yanachubuka. Inua mikono yote miwili juu: pindo likipanda likapita mkanda wa suruali, shati ni fupi, na mkanda wa kiunoni wa begi utasugua ngozi tupu. Kumbatia mti wa kufikirika. Mgongo ukibana, ongeza saizi. Kisha finya kitambaa pembeni mwa kifua: sentimita 4 hadi 5 kila upande zinatosha. Likizidi kupwaya, mikunjo hukaa chini ya mikanda na kila mkunjo ni lengelenge linalosubiri. Mwisho pitisha kidole kwenye mshono wa bega. Ukiwa mnene na umekaa palepale mkanda unapopita, rudisha shati. Bora mshono ulioshushwa mbele ya bega, au mkono ulioshonwa kutoka shingoni. Vifungo vya mfuko wa kifuani navyo viangalie, maana mkanda wa kifua huvikandamiza.

Mikono iwe mirefu, yenye kifungo cha kuizuia ikikunjwa. Jua la Uganda liko karibu wima utosini, na makali ya miale yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, hata palipo na mawingu na ubaridi. Kwenye msitu wa Bwindi kuna majani yanayowasha kwenye njia za sokwe, na siafu hawasubiri kukaribishwa, kwa hiyo pindo lichomekwe ndani ya suruali.

Rangi ya kahawia, kijivu au kijani kibichi inatosha kokote. Buluu iliyokoza na nyeusi huwavuta mbung'o, jambo utakalolijutia kwenye mbuga za Murchison au Kidepo kuliko milimani. Na usinunue shati lenye madoa ya kijeshi, hata liwe zuri na rahisi vipi: kwa raia wa kawaida ni kosa kisheria Uganda, na mgeni hasameheki.

Beba mawili: moja la kutembea, lingine lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, lisiguswe mpaka kambini. La pili ndilo la kulalia, na asubuhi utavaa tena lile bichi. Inakera kwa dakika 5, lakini ukililoanisha la kulalia huna tena kitu kikavu.

Ukirudi, lifue bila dawa ya kulainisha, kwa sababu huziba njia ya jasho. Usilianike nje kwenye nyasi wala kwenye kamba iliyo chini ya mwembe: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake huingia ngozini na kuota kama jipu. Nguo za pamba huokolewa na pasi ya moto, lakini moto huo unaweza kuiharibu poliesta. Lianike ndani, karibu na dirisha lenye wavu.