Kutambua kemikali za laikeni kwa sahani ya silika

Laikeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) huwa na kemikali zake; tunazitenganisha kwa sahani iliyopakwa silika, ambapo kimiminiko hupanda na kubeba kila kemikali hadi kimo chake. Naandika hapa ili swali la "mbona doa langu halipandi" liishe. Soma kwanza, uliza baadaye.

1. Chukua kipande kikavu, ukubwa wa ukucha. Toa gome na laikeni nyingine zilizojishikiza.

2. Kiloweshe kwa matone machache ya asetoni kwenye kichupa, dakika 5. Kimiminiko hicho ndicho dondoo.

3. Kwenye sahani, chora mstari wa penseli sm 2 kutoka ukingo wa chini. Si biro; wino utapanda nao.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Pasha sahani nyuzi 110 nusu saa kwanza, hasa mlio Kisumu msimu wa mvua: silika hunyonya unyevu na madoa hupanda kupita kawaida. Ikipoa, gusa mstari kwa kapilari (mrija mwembamba wa kioo) yenye dondoo, acha pakauke, gusa tena. Doa lisizidi mm 4. Ukimwaga dondoo lote mara moja litatambaa, kisha litaburuta mkia, na hutajua upimie wapi. Pembeni weka dondoo la laikeni inayojulikana kuwa na atranorini na asidi ya norstiki, kemikali mbili za laikeni za kulinganishia. Bila hilo namba za kitabuni (Rf: kimo cha doa ukigawa kwa kimo cha kimiminiko, vyote kutoka mstarini) ni mapambo tu.

5. Tangini: toluini ml 34, asidi asetiki isiyo na maji ml 6, chini ya kabati la mvuke. Kina kisifike kwenye mstari! Funika dakika 20, ndipo uingize sahani.

6. Kimiminiko kikipanda sm 10 juu ya mstari, toa na uweke alama hapo hapo.

7. Kausha, tazama kwa taa ya UV (nanomita 254, kisha 366), zungushia madoa penseli. Nyunyiza asidi ya salfuriki 10%, pasha nyuzi 110 hadi rangi zitokee. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume.

Swali, Bondo: Mwalimu, dawa ya kutoa rangi ya kucha inafaa badala ya asetoni?
Jibu: Hapana. Nyingi zina manukato na mafuta, yatakuletea madoa yasiyo ya laikeni.

Swali, Nakuru: Nimefuata kila kitu, sahani tupu kabisa.
Jibu: Kila kitu? Kimiminiko kilikuwa juu ya mstari, dondoo likayeyukia tangini. Rudi hatua ya 5.

Swali, Kakamega: Usnea (laikeni yenye nyuzi) yangu ina doa la kijivu-kijani juu, na la chungwa karibu na mstari. La chini ni norstiki?
Jibu: Umetazama vizuri, dada. La juu ni asidi ya usniki. La chini nashuku asidi ya salazini, maana norstiki ingepanda zaidi. Rudia kwa mchanganyiko wa sehemu 180 za toluini, 45 za dioksani na 5 za asidi asetiki: salazini hubaki karibu na Rf 10 kwa 100, norstiki hufika kama 40. Tone la potasi (hidroksidi ya potasiamu) halitakusaidia, zote mbili huwa njano kisha nyekundu. Na kabla ya asidi ya salfuriki, nyunyiza maji: asidi za mafuta hukataa kulowa, zikabaki madoa meupe.

Swali, Kitale: Sampuli ya mwaka jana bado yafaa?
Jibu: Yafaa, hata ya miaka mingi, mradi ilikaushwa. Itunze kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki huleta ukungu.