Unasubiri majina ya udahili wa kozi za biashara? Weka haya sawa kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, Dodoma nzima inageuka washauri. Shangazi ana lake, mwenye duka ana lake, na bodaboda wa Nkuhungu ana binamu aliyemaliza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayejua kila kitu. Wewe umeshaomba uhasibu, fedha au masoko, sasa unangoja majina. Usingoje kwa kukaa. Kuna mambo ya kumaliza wiki hii.

Kwanza jua unagombea nini. Kwa waliomaliza miaka hii, sifa ya chini ya kuingia shahada kupitia kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, yaani ya mchepuo uliosoma, yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili basi zinakupa haki ya kuomba, kiti hazikupi. Kozi za biashara zinakimbiliwa na wa tahasusi zenye uchumi ndani, wa ECA, wa EGM, wa HGE, na wengi wao wana A na B. Kama machaguo yako yote ni uhasibu wa vyuo vikubwa na una D mbili, tazama dirisha la maombi la awamu inayofuata na uongeze kozi ambayo pointi zako zinaweza kuibeba. Nasema hivi si kwa kukukatisha tamaa, ila kuna watoto wanaona jina halimo wanadhani wamerogwa.

Vyeti: toa nakala, zithibitishwe, halisi zibaki nyumbani.

Majina: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana na cha kidato cha nne kinasema John, nenda kwa wakili sasa hivi ukashughulikie kiapo kwamba majina yote mawili ni yako. Usingoje foleni ya usajili wa chuo Oktoba.

Sasa namba ya simu. Hapa naomba utulie usome, maana niliyaona kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa na ECA na matokeo ya kuringia. Akaomba vyuo vitatu kwenye steshenari moja mjini. Mnawajua wale vijana wa steshenari, mikono myepesi: anakuuliza jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, anakufungulia barua pepe palepale, neno la siri anatunga yeye, anakuchapia karatasi, unalipa, unatoka. Penye nafasi ya simu, binti akataja laini aliyokuwa akiitumia, ambayo ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba wake kwa sababu binti namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ilikuwa haijatoka. Kisha akaenda JKT. Simu akamwachia mdogo wake, na mdogo wake akaidondosha kwenye daladala akitoka Nanenane.

Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, binti kachaguliwa vyuo viwili. Dada akachinja kuku. Hakuna aliyesoma tangazo mpaka chini. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja hana chuo bado: ni lazima athibitishe kimoja, tena ndani ya siku zilizotajwa, kwa namba maalum ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe aliyoandika alipoomba. Ujumbe ulikwenda kwenye simu iliyookotwa na mtu. Kurudisha laini kunataka kidole cha aliyeisajili, na mjomba alikuwa machimboni Kahama. Tukakimbilia barua pepe. Yule kijana wa steshenari alishaacha kazi. Mwenye duka, mzee mstaarabu tu, akatutolea daftari la kurasa zilizokunjana lenye majina ya watu na maneno yao ya siri mstari kwa mstari, yeyote angeweza kuyasoma. La binti yetu halikuwamo. Mjomba akapanda basi, akafika, akaweka kidole, laini ikarudi. Ujumbe wa zamani haukurudi nayo, na dirisha la kuthibitisha lilifungwa jana yake. Awamu iliyofuata uhasibu haukuwamo kwenye orodha ya kozi zenye nafasi. Sasa hivi anasoma, hajambo, ila anasoma kozi ambayo hakuwahi kuitaja nyumbani hata kwa utani.

Kwa hiyo fanya hivi. Laini iwe kwa jina lako, na kama umeomba kwa laini ya mtu, ingia kwenye akaunti yako ubadilishe namba. Ukishindwa, nenda ofisi ya udahili ya chuo ukiwa na kitambulisho. Barua pepe iwe yako, neno la siri libadilishe leo. Kumbuka tangu mwaka 2017 kila mtu anaomba chuoni moja kwa moja, kwa hiyo kila chuo kina akaunti yake na neno lake la siri. Yaandike yote kwenye daftari moja linalokaa kwenu, si dukani kwa watu. Ukiitwa JKT Makutupora au kambi nyingine, mwachie mtu mzima mmoja simu, daftari, na karatasi inayosema ukichaguliwa viwili athibitishe kipi. Mzozo wa UDOM au Dar uishe mezani kabla hujaondoka, usije ukafanyika siku ya mwisho saa nne usiku mtandao ukiwa unasuasua.

Mkopo una njia yake. Bodi ya Mikopo haikungoji upate chuo ndipo uombe, na namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyohiyo uombee mkopo, hasa kama ulirudia mtihani na una namba mbili. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cha kifo pia.

Halafu wapo watakaokupigia: ana mtu ndani, jina lako litapandishwa, tuma elfu hamsini kwa namba hii. Malipo halali yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayoitoa kwenye akaunti yako mwenyewe. Ya simu ya mtu binafsi, kata. Wanapata wapi jina lako? Mara nyingi ni wewe umeweka karatasi ya matokeo kwenye status, namba ya mtihani ikionekana wazi.

Zabibu za Agosti na Septemba zikiiva Hombolo au Mpunguzi na ukapata kibarua, nenda, pesa ya godoro itatoka huko. Ila simu iwe na chaji na bando, uiangalie asubuhi na jioni. Usiazimishe laini. Usiache kuingia kwenye akaunti za vyuo eti rafiki atakuambia. Tangazo likitoka lisome lote, mpaka tarehe ya chini kabisa, halafu mpe mtu mwingine alisome.