Karakana ya useremala katika chumba cha chini, Lamu: anza na meza, mashine zitafuata

Vipimo hivi ni vya chumba cha mita 3 kwa 4 katika nyumba ya mawe, iwe Mkomani au Langoni. Mwenye nyumba ya bloku kule Malindi ataruka maneno ya ukuta, lakini ya kutu asiyaruke.

Hatua ya 1: Chumba

Tenga sasa pahali pa msumeno wa meza, hata kama utaununua baada ya miaka. Plaiwudi nzima ina sm 244 kwa 122. Inataka urefu wake mbele ya msumeno na urefu wake nyuma, karibu mita 5, na chumba hakina. Kwa hivyo msumeno uelekezwe mlangoni, mbao itokee uchochoroni. Mtu asimame nje, maana punda mwenye mzigo wa mawe hana breki.

Ukutani usitundike kitu kizito. Ukuta wa matumbawe na chokaa hubomoka ukitobolewa, plagi ya plastiki inayoshika skrubu ikazunguka pamoja nayo, na chumvi iliyo ukutani ikala chuma. Rafu zisimame kwa miguu yake, sm 5 kutoka ukutani. Ukuta wa nje usiuguse kabla ya kuuliza ofisi ya Makumbusho. Mji wa Kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Hatua ya 2: Stima

Mwite fundi wa stima akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa mm² 2.5. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote kabla ya kuwasha mashine; ikiachwa imejikunja hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Hatua ya 3: Meza

Vifaa: plaiwudi 1 ya mm 18, mbao za inchi 4 kwa 2, bolti 16 za M10 (unene mm 10) zenye urefu wa mm 180, washa 32, gundi nyeupe ya mbao, skrubu za mm 30 na za mm 70.

Pasua plaiwudi kwa urefu, kisha kata kila kipande sm 180. Umepata tabaka mbili za karibu sm 61 kwa 180, unene mm 36, na masalio ya kutosha rafu ya chini. Kimo cha meza ni pale kifundo cha mkono kinapofika ukisimama wima. Kwa wengi ni sm 85 hadi 90. Kila mguu ni 4 kwa 2 mbili zilizogandishwa pamoja.

Fremu mbili za pembeni, kila moja miguu miwili na mbao za kuiunganisha, zigandishwe kwa gundi. Mbao 4 za urefu, mbili kila upande, zifungwe kwa bolti, mbili kila kiungo. Meza iliyogandishwa yote haitapita mlangoni siku ya kuhama, wala haitarefushwa.

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Sakafu za nyumba hizi hazilingani, na fremu husimama jinsi sakafu ilivyo, ikapotoka. Kabla ya kukaza bolti, weka fito mbili zilizonyooka na zenye upana sawa, moja kila mwisho wa fremu. Chutama, funga jicho moja, tazama juu ya fito la karibu hadi la mbali. Kingo mbili zikienda sambamba, sawa. Pembe ya kulia ya fito la mbali ikiwa imeinuka, sukuma kabari chini ya mguu wa kushoto wa upande ule wa mbali. Tazama tena, ndipo ukaze bolti. Pimamaji peke yake haitoshi: meza inaweza kuinama kidogo bila madhara, ila ikipotoka, kila ubao utakaourandia juu yake utapotoka nayo.

Tabaka mbili zigandishe juu ya fremu hiyo iliyokwisha kulinganishwa, kamwe si sakafuni. Gundi ikikauka ikiwa imepotoka, hakuna randa itakayoiokoa. Skrubu za mm 30 zipite kutoka chini, za mm 70 zishike fremu na meza, pia kutoka chini, ili ulimi wa randa usikutane na chuma. Pandisha madebe ya maji juu yake, uache saa 24.

Hatua ya 4: Zana

Randa namba 5 (saizi ya kati) ya chuma, ya zamani. Mpya za bei rahisi hazina nyuso zilizonyooka. Patasi 4: mm 6, 12, 19 na 25. Msumeno wa mkono, msumeno wa mgongo (wenye ukingo mgumu juu, wa kukata viungo), keekee ya betri, klempu 6, jiriwa. Mashine ya kwanza iwe msumeno wa duara wa mkononi pamoja na fito refu la kuongozea. Msumeno wa meza wa bei nafuu ni hasara na hatari, usubiri.

Hatua ya 5: Kutu

Zana zikae ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, si ukutani. Kila jioni zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Kinoo kiwe cha mafuta, cha maji kitakuongezea kazi.

Hatua ya 6: Mbao

Mbao za bara zilizokaushwa zikifika hapa hunywa unyevu na kuvimba. Zipange kwa vijiti vya mm 20 katikati, wiki mbili au tatu, ndani ya chumba hicho hicho. Mtoto wa meza aliyetengenezwa wakati wa kaskazi aachiwe nafasi ya mm 3, la sivyo masika yatamkwamisha. Ukikata mvule, vaa barakoa. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, na feni ya dari hulisambaza tu.