Usiwaue Wanaokulindia Nyanya

Chuma jani la nyanya lenye doa lililopauka, uliinue lielekee jua. Ukiona mstari mwembamba unaojipindapinda, huyo ni mchimba majani wa kawaida, na mche uliokwisha kukomaa humvumilia. Ukiona doa pana, ngozi mbili za jani zimebaki bila nyama katikati na vinyesi vyeusi vimerundikana ndani, huyo ni kiwavi wa nondo aitwaye Tuta absoluta. Ndiye anayewafanya wakulima wa Ruai, Njiru na Kasarani hapa Nairobi kubeba pampu kila wiki, na bado nyanya zinafika soko la Marikiti zikiwa na matundu.

Tuta asili yake ni Amerika Kusini, na hapa Kenya aliripotiwa mwaka 2014. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi akishazama ndani ya jani, dawa ya kugusa haimpati. Inayowapata ni buibui, nyigu wadogo na wadudu wengine wanaozunguka juu ya jani wakimtafuta yeye. Kwa hiyo anayepulizia kwa kufuata kalenda anamwachia adui shamba bila askari, na adui mwenyewe ameshazoea nyingi ya dawa hizo.

Askari hao wapo. Nesidiocoris tenuis, mdudu mwembamba wa kijani, hufyonza mayai ya Tuta na ya inzi weupe. Mchunge tu, kwa maana akikosa windo huufyonza mnyanya wenyewe na kuacha pete za kahawia kwenye mashina. Trichogramma ni nyigu asiyefika hata milimita moja. Hutaga ndani ya yai la nondo, na kinachotoka humo ni nyigu. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo na yenye makao yake hapo Kasarani, ilileta kutoka Peru nyigu aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, ambaye humfuata kiwavi wa Tuta hukohuko ndani ya jani.

Ukinunua nyigu wa kuachilia, usingoje shamba lijae madoa. Tundika mtego wa harufu siku unayohamisha miche. Nondo wa kwanza wakinaswa, agiza. Mtego hunasa madume pekee, hivyo usiutegemee kuwa tiba. Kadi za nyigu, yaani zile zilizobandikwa mayai yenye nyigu ndani, zitundike jioni, kwenye kivuli cha majani, siku hiyohiyo zinapofika.

Bakteria wa Bt, anayepuliziwa kama dawa ya viwavi, hufanya kazi akiliwa, tena na kiwavi mchanga ambaye hajazama. Pulizia jua likizama, pande zote mbili za jani. Kiwavi huacha kula kwanza, kisha hufa baada ya siku chache. Ukimwona bado yu hai kesho yake, usikimbilie dawa kali.

Kuna jambo linalowaponza wengi hapa Nairobi. Juni na Julai baridi inaposhika na bariadi, ugonjwa unaokausha majani ya nyanya, kuingia, tunapulizia dawa ya ukungu mara kwa mara. Metarhizium, dawa hai inayoua wadudu, nayo ni kuvu, yaani jamii ya ukungu. Ukiichanganya na dawa ya ukungu, au ukitumia pampu ambayo haikuoshwa vizuri, umeiua kabla haijagusa mdudu. Tenga pampu yake, na upishanishe siku za kupulizia kama kibandiko kinavyoelekeza.

Managu (mnavu) tunaipenda, lakini usiipande ubavuni mwa nyanya, wala viazi au biringanya, kwani Tuta huzaliana humo pia. Pembezoni acha dhania ichanue. Nyigu waliokomaa hunywa utamu wa maua yake. Majani na matunda yaliyoharibika yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani hadi viwavi wafe. Ukiyatupa ukingoni mwa shamba, nondo watarudi wote.

Ikilazimu kutumia dawa ya kemikali, pulizia sehemu iliyoshambuliwa tu, tena dawa isiyodhuru nyigu. Muulize anayekuuzia nyigu ni ipi na usubiri siku ngapi kabla ya kuwaachilia wengine. Dukani angalia namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, na tarehe ya mwisho ya kutumia. Bt na Metarhizium ni viumbe hai na joto huviharibu. Ukizikuta kwenye rafu ya dirishani jua likizipiga, ziache hapohapo uende duka jingine.