Baiskeli ya safari ndefu: soma tairi kabla ya kusifia rangi

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani, Tanga mjini. Dada yangu kaolewa Lushoto, nami humwendea kwa baiskeli: nalala Korogwe, kesho yake napanda mlima kutoka Mombo. Majirani wananiuliza nimenunua baiskeli gani. Nawajibu, niulizeni kwanza tairi.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa Kijapani, nzuri, ina kikapu na taa. Tairi likapasuka nimeshaipita Korogwe. Nikaikokota mpaka dukani, nikapewa tairi la 26, kumbe 26 si moja! Langu lilikuwa 26 × 1 3/8, ambalo ringi yake ni milimita 590. La dukani 26 × 1.95, na hilo ni la ringi ya 559. Halikukaa hata kwa matusi. Nilifika kwa dada ndani ya lori la mboga lililokuwa likirudi tupu.

Kwa hiyo inama, usome ubavuni mwa tairi. Ukiona 559, hiyo ndiyo 26 ya baiskeli za milimani zenye gia, na tairi zake nazipata hata kwenye miji midogo. Unene wa inchi 1.75 hadi 2 unanitosha: kwenye lami haunichoshi, na kwenye mchanga, ng'ambo ya kivuko cha Pangani, hauzami sana.

Halafu gia. Usihesabu gia, hesabu meno. Lile duara dogo la mbele lisiwe na meno mengi kuliko duara kubwa la nyuma. Langu ni 28 mbele, 32 nyuma, na kuna kona za Lushoto bado nashuka nikasukuma. Phoenix naiheshimu, inabeba magunia ya mkaa mjini humu, lakini ina kilo kama 20 na haina gia. Ipeleke Horohoro, mpakani na Kenya, kule njia si ya milima.

Fremu nataka chuma, maana ikikatika yupo wa kuichomea. Iwe na matundu ya kufungia keria karibu na ekseli ya nyuma. Ya shokapu siitaki: uzito wa bure, na ikianza kuvuja mafuta nani atainunulia vipuri? Mimi navaa dira, basi nachukua fremu ya kike, bomba limeshuka chini. Wanaume wanacheka mpaka tufike kwenye matuta.

Nyanyua gurudumu, lizungushe, uangalie kama ringi inayumba kwenye breki. Shika pedeli uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zimekwisha, punguza bei.

Mzigo wangu hauzidi kilo 8. Nimeshona mifuko miwili ya turubai, na naipima kwenye mizani ya duka la mchele. Ndani kuna khanga, tyubu mbili, viraka, solusheni, funguo na pampu. Spoku tatu nazifunga kwenye bomba kwa plasta.

Kabla ya kumaliza kulipa, mwachie muuzaji nusu ya hela, ufunge mzigo wako kamili, uende Amboni na kurudi. Magoti yakiuma kwa mbele, nyanyua kiti upana wa kidole ujaribu tena kabla hujaitukana baiskeli.