Kupima sukari maabara: angalia kwanza tyubu imekaa wapi

Juzi namsaidia kijana wa fildi hapa Kigoma, majibu yake ya sukari yote yako chini, anailaumu mashine. Nikamwambia mdogo wangu, mashine iache, nionyeshe tyubu zimekaa wapi tangu asubuhi. Zilikuwa dirishani, jua linazipiga. Ndo maana naandika.

Hatua ya 1. Tyubu ya kofia ya kijivu, ile yenye floraidi, dawa ya kuzuia seli zisile sukari. Jaza mpaka kwenye mstari, pindua taratibu mara 8 hadi 10, andika jina na SAA damu ilipotoka. Mimi sampuli isiyo na saa naiulizia kwanza kabla sijaigusa.

Hatua ya 2, kutenga plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, na hapa ndo penyewe. Seli za damu ziko hai, zinaendelea kula sukari humohumo kwenye tyubu, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na likiwa joto kama letu la mwezi wa tisa zinakula haraka zaidi. Kuna mama alikuja, kiu haimwishi, usiku kucha anaamka kukojoa, damu ikatolewa saa kumi na mbili asubuhi kwenye tyubu nyekundu, isiyo na floraidi, ikanifikia saa sita mchana, jibu 5.1 (milimoli kwa lita). Nikarudia standadi (ile ya kiwango kinachojulikana) mara tatu, nikafungua rijenti mpya, yaani kemikali ya kupimia, kontroo ya kuhakiki kipimo iko sawa, mchana wote ukaisha hivyohivyo. Kesho yake nikamtoa damu mwenyewe hajala kitu tangu usiku, nikaizungusha kwenye sentrifyuji palepale, 7.8. Kuanzia 7.0 kwa mtu hajala masaa 8 na dalili kama zile, hicho ni kisukari, na tulikuwa tunamrudisha nyumbani tukimwambia yuko salama.

Kwa hiyo ikifika tu zungusha, tenga plazma ndani ya nusu saa. Na usiseme "si nimetumia ya kijivu", floraidi inachelewa kushika, saa ya kwanza hata ya pili sukari bado inashuka ndo baadaye inatulia. Sampuli zinazokuja na boti toka vijiji vya ziwani, kituo kizungushe kwanza wakapakie plazma, kama umeme hakuna basi tyubu iingie kwenye barafu pale pale damu inapotoka, sio wakati boti inaondoka.

Hatua ya 3. Rijenti mililita 1, plazma maikrolita 10, dakika 10 kwenye nyuzi 37, soma. Karatasi iliyokuja na rijenti yako ikisema tofauti, fuata hiyo. Glukomita ya kidole ni nzuri wodini kumfuatilia mgonjwa, ila kuthibitisha kisukari mimi siikubali.

Hatua ya 4, maji ya uti wa mgongo. Haya hayasubiri foleni, yakiwa na ukungu ndo kabisa, seli na bakteria wanaimaliza sukari. Omba na damu iliyotolewa muda huohuo, kawaida sukari ya mgongo inakuwa kama theluthi mbili ya ile ya damu. Huku kwetu malaria kali inashusha sukari ya mtoto mpaka 2.0, ukikuta mgongo 1.3 peke yake utaandika homa ya uti wa mgongo kumbe uwiano, yaani ya mgongo ukigawa kwa ya damu, uko sawa kabisa. Uwiano ukishuka chini ya 0.4, usingoje karatasi ichukuliwe, mpigie daktari simu hapohapo.