Kusafiri na mbwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Ulaya: anza na chipu, tiketi baadaye

Watu wengi wakishapata viza ya Ujerumani au Uholanzi swali la kwanza wanauliza ndege gani inabeba mbwa na ni shilingi ngapi, na hapo ndipo mambo yanaanza kwenda mrama, kwa sababu ndege ni mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni ile nchi unayokwenda. Shirika la ndege linaweza kukukubalia vizuri kabisa na mbwa akazuiwa akishatua, na akizuiwa anarudishwa alikotoka au anawekwa karantini kwa gharama yako, na hakuna mtu anayempenda mbwa wake anataka yafike huko. Kwa hiyo naomba uisome hii ukiwa bado na miezi mitano hivi mkononi. Ukiwa na wiki tatu tu basi mbwa atabaki nyuma na ndugu au rafiki unayemwamini na atakufuata baadaye, ndiyo hali halisi.

Kenya haiko kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa, Tanzania na Uganda pia hazimo. Huu ugonjwa bado upo kwetu, Kenya yenyewe imejiwekea lengo la kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030. Sasa mbwa akitoka nchi kama yetu anatakiwa apitie hatua tatu na lazima zifuatane. Kwanza chipu, ile ndogo kama punje ya mchele inayowekwa chini ya ngozi ya shingo, iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO yenye tarakimu 15. Pili chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa awe na umri wa wiki 12 au zaidi. Inaweza kuwa siku ileile ya chipu lakini chipu itangulie, maana chanjo iliyopigwa kabla ya chipu haihesabiwi hata kama kadi imejaa mihuri. Tatu, zikishapita siku 30 tangu chanjo, anatolewa damu ipimwe kingamwili, hiki kipimo madaktari wa wanyama wanakiita taita, na jibu linatakiwa liwe 0.5 IU kwa mililita au zaidi, tena kutoka maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya.

Baada ya hapo unasubiri miezi mitatu. Inahesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa, sio siku jibu lilipotoka, hapo wengi wanachanganya na wanajiongezea wiki nzima za bure. Na hii miezi mitatu watu wanaiona usumbufu lakini ina maana yake, mbwa anaweza kuwa ameshang'atwa kabla ya chanjo na virusi viko mwilini bila dalili, huo muda ndio unawapa nafasi ya kuona kama ataugua. Ukijumlisha yote, mbwa mdogo kabisa anayeweza kuingia Ulaya kutoka kwetu ana miezi saba hivi, kwa hiyo ukiambiwa na muuzaji kwamba kapapi ka miezi mitatu kataruka nawe mwezi ujao, hiyo haiwezekani kihalali.

Damu haitumwi nzima nzima, inazungushwa kwanza kwa mashine itolewe serum, yale maji maji ya damu, ndiyo inasafirishwa ikiwa baridi, kwa hiyo tafuta daktari ambaye ameshafanya hii kazi kabla, muulize wazi anatuma maabara gani. Ziko nyingi, ya ANSES pale Nancy Ufaransa ni mojawapo na hata chuo cha Kansas State Marekani kinapima. Siku ya kutoa damu mwambie asome chipu kwa mashine mbele yako na namba hiyohiyo iandikwe kwenye fomu ya maabara, usione aibu kuisoma tarakimu moja moja. Tarakimu moja ikikosewa karatasi nzima inakuwa ya mbwa mwingine. Halafu chanjo usiiache ikaisha muda, ukiendelea kumchanja kabla tarehe haijapita ile taita yako inabaki halali, ukichelewa hata siku moja unarudi mwanzo kabisa na damu inatolewa upya.

Siku za mwisho ndiyo unakimbizana na cheti cha afya. Kwa Kenya kinapitia kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, ofisi zao ziko Kabete, na kwa Tanzania ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Cheti cha Ulaya kinaandikwa kwa Kiingereza na lugha ya nchi utakayoingilia, na kuanzia kinapotolewa kina siku 10 tu za kukufikisha mpakani, kwa hiyo usikichukue mapema ukidhani umejipanga. Ukishaingia kinakuruhusu kuzunguka nchi za Umoja kwa miezi kadhaa. Mbwa pia awe anasafiri ndani ya siku tano kabla au baada yako, ikizidi hapo anahesabiwa ni bidhaa ya biashara na masharti yanabadilika. Kama unakwenda Finland, Ireland, Malta au Norway kuna nyongeza, anapewa dawa ya minyoo ya tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na inaandikwa kwenye cheti.

Sasa ndege.

Kuna njia tatu na usizichanganye ukiwapigia simu. Anaweza kukaa nawe kwenye kabini, anaweza kwenda chini kama begi lako la ziada, au anaweza kwenda kama kago yenye karatasi zake yenyewe. Kwenye mifumo yao ya kompyuta ile ya kabini inaitwa PETC na ile ya chini inaitwa AVIH, ukizitaja hizo herufi mtu wa simu anakuelewa haraka sana na anaacha kukuzungusha.

Kabini ni ya mbwa wadogo. KLM na Lufthansa kikomo ni kilo 8 na hapo mkoba wake umo, kwa hiyo mkoba wa kilo moja na nusu unakuachia mbwa wa kilo sita na nusu. Chihuahua anapita. Japanese Spitz, hawa wamejaa Nairobi, wengi wakishakua hawapiti, kwa hiyo mpime na mkoba wake kwenye mizani wiki ileile unayobuku maana mbwa wa nyumbani wananenepa. Mkoba unakaa chini ya kiti cha mbele na hatolewi kuwekwa mapajani hata akilia. Emirates na Qatar Airways hawaruhusu mbwa wa kawaida kabini, wanaoruhusiwa ni mbwa wa kuongoza wasioona na wenye kazi kama hiyo, na Dubai yenyewe mbwa wa kawaida anaingia kama kago tu. Ile habari ya kusema huyu ni mbwa wa kunituliza moyo ili apande bure ilikuwa ya Marekani na ilifungwa, tangu 2021 mashirika hayalazimiki kumhesabu kama mbwa wa huduma, usiitegemee.

Mbwa wenye pua bapa, pug, bulldog wa aina zote, boxer, shih tzu, hao ni shida ya kweli na sio ubaguzi. Njia yao ya hewa ni fupi na imebanana, na mbwa anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo joto likipanda kidogo na wasiwasi ukiingia anaanza kukosa pumzi. Lufthansa waliacha kuwabeba kwenye sehemu ya mizigo tangu 2020 na KLM nao hawawachukui chini. Kama pug wako amezidi kilo za kabini mimi maoni yangu ni asisafiri, najua inauma, lakini usitafute wakala atakayemwandika aina nyingine kwenye fomu ili apite. Ukweli huohuo unaonyesha uzuri wa mbwa wetu wa kawaida, hawa mnaowaita mbwa koko, waliochukuliwa pale KSPCA, shirika la Kenya la kutunza wanyama, au kuokotwa mtaani: pua ndefu, mwili mwepesi, joto wamelizoea, hawamo kwenye orodha yoyote ya kukatazwa, kwa ndege ndio mbwa bora kabisa.

Na orodha za kukatazwa zipo. Ujerumani hairuhusu kuingizwa pitbull, American Staffordshire, Staffordshire bull terrier na bull terrier. Uingereza wamekataza pitbull, Tosa, Dogo Argentino, Fila Brasileiro na sasa XL Bully. Machotara pia wanaangaliwa kwa umbile, kwa hiyo daktari akiandika aina ya mbwa aandike kwa uangalifu na ukweli.

Tukija kwenye kizimba, hapa ndipo mashirika hayana mjadala. Wote wanafuata kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani: mbwa aweze kusimama bila masikio kugusa juu, ageuke, na alale amejinyoosha. Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe pembeni ya ukuta mtu mwingine akimshika kwa biskuti, pima kutoka puani hadi mkia unapoanzia, pima mguu wa mbele kutoka chini hadi kiwiko, pima upana wa mabega, halafu kimo chake akiwa amesimama hadi ncha ya masikio kama yamesimama. Urefu wa kizimba ni kile cha kwanza ujumlishe nusu ya mguu, upana ni mabega mara mbili, kimo ni kimo chake na tandiko. Mfano mbwa wa sentimita 80, mguu 36, mabega 26 na kimo 68 anahitaji ndani kuwe na 98 kwa 52 kwa 71. Mwenye pua bapa unaongeza asilimia 10.

Ukiona hizo namba utaelewa kwa nini kago ni ghali. Hawatozi uzito wa mbwa peke yake, wanachukua urefu mara upana mara kimo wanagawa kwa 6000, na uzito utakaokuwa mkubwa ndio unaolipa. Huyo wa mfano ana kilo 30 labda, lakini kizimba chake kinatoka kilo 60 na zaidi, basi unalipia 60. Wakala akikupa kotesheni fanya hiyo hesabu mwenyewe.

Kizimba kiwe kigumu, hewa iingie pande zote nne, nusu ya juu na ya chini zifungwe kwa bolti za chuma sio zile klipu za plastiki, magurudumu yatolewe. Bakuli la maji lifungwe mlangoni liweze kujazwa kutoka nje bila kufungua, na maji yagandishe humo kwenye friza usiku ili yasimwagike wakati wa kupakia, yatayeyuka taratibu naye atakunywa. Tandika kitu kinachofyonza mkojo na juu yake fulana yako uliyoilalia, hiyo harufu inamsaidia kuliko chochote utakachonunua. Kizimba kinunue mapema, kiwe sebuleni miezi miwili nzima mlango wazi, alie chakula humo, alale humo. Mbwa aliyezoea kizimba analala safari nzima, asiyekizoea anavunja kucha na meno akijaribu kutoka.

Dawa ya usingizi usimpe. Inashusha presha na kupumua, inavuruga mwili usijipoze, na mashirika mengi wakimwona amelewa dawa wanamkataa pale kaunta. Watu wanaogopa ile sehemu ya chini wakidhani haina hewa, hapana, sehemu wanayowekwa wanyama ina presha kama kabini na joto linadhibitiwa. Hatari kubwa ni kusubiri juani kwenye lami, kwa hiyo chagua ndege ya moja kwa moja Nairobi kwenda Amsterdam au Frankfurt inayoondoka usiku, ukwepe kuunganisha Ghuba mwezi wa saba. Kama lazima kuunganisha basi pitia pale wenye huduma ya wanyama, Frankfurt wana Animal Lounge na KLM wana hoteli ya wanyama Schiphol.

Uingereza wana lao, mbwa wa kawaida akija kwa ndege haingii kabini wala kama begi, ni kago tu, ndio maana wengine wanaruka hadi Amsterdam au Paris kisha wanavuka na gari kwa Eurotunnel, ile treni inayobeba magari chini ya bahari, ila hapo jiandae kwa karatasi za pande zote mbili. Marekani tangu tarehe 1 Agosti 2024 wanataka mbwa awe na miezi sita, chipu, na fomu ya CDC, idara yao ya kudhibiti magonjwa, na kwa waliochanjwa Kenya au Tanzania kuna taita na nafasi ya kubuku kwenye kituo chao maalumu kwenye viwanja vichache kama JFK na Miami, kwa hiyo usikate tiketi ya kuingilia mji wowote tu.

Kabla hujalipia tiketi yako piga simu wakuwekee nafasi ya mbwa kwanza, kila ndege ina idadi ndogo ya wanyama, subiri wathibitishe kwa maandishi ndipo ulipe. Siku yenyewe mpe chakula chepesi masaa manne au matano kabla ya safari, mtembeze mpaka achoke, fika uwanjani mapema kuliko abiria wengine. Pale kwenye ukaguzi atatolewa kizimba kikaguliwe kitupu, shika kamba yake mkononi muda wote maana kelele za pale zinaweza kumfanya achomoke. Ukishaketi mwambie mhudumu una mbwa chini na uombe athibitishe kwamba amepakiwa, ni ombi la kawaida wanalisikia kila siku.

Ukifika pita upande wa wenye kitu cha kutangaza, wasome chipu, waone karatasi halisi sio kopi. Wiki hizo za mwanzo nenda kwa daktari wa huko akutengenezee pasipoti ya Ulaya ya mbwa na aandike ile taita ndani yake. Siku mkija nyumbani likizo na kurudi, ikiwa imeandikwa humo na chanjo haijakatika, ile miezi mitatu ya kusubiri hamrudii tena, kinachobaki ni kibali cha kumwingiza Kenya, na hicho unaomba kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kabla ya kusafiri.